Mumiani wa Ulaya Alipofika Newala

Ndugu msomaji, ukitoka Masasi alasiri kwenda Newala, ukayaacha nyuma majabali yale meusi yaliyosimama pweke katika tambarare kama majitu yaliyokatazwa kutembea, hatimaye barabara huanza kupanda. Hupanda kwa kujizungusha, gari likiguna na abiria wakinyamaza, mpaka ukajikuta juu ya uwanda wa Wamakonde ambako upepo wa jioni ni baridi na mgeni hujuta kuacha sweta nyumbani. Ukienda ukingoni mwa mji, mahali paitwapo Shimo la Mungu, utaona ardhi imekatika mbele ya miguu yako. Chini kabisa limelala bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Zipo asubuhi ambazo bonde lote hujaa ukungu, nawe ukasimama pale juu kama mtu aliyesimama pwani ya bahari isiyo na maji.

Ni katika mji huo, usiku mmoja wa mwaka 2008, ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mumiani wa Ulaya akizungumza Kiswahili.

Mwenyeji wangu alinipeleka katika banda la video. Msomaji wa mjini analijua banda la namna hiyo: kuta za mabati na magunia, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, televisheni moja iliyowekwa juu kama mimbari, na mlangoni kijana anayepokea nauli ya kuingia huku akiwafukuza watoto wanaochungulia matunduni. Nje alikaa bibi mmoja akiuza korosho za kukaanga kwa mwanga wa koroboi. Ndani, pembeni mwa televisheni, alisimama kijana mwenye kipaza sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kututafsiria. Ufundi huu umeenea sana Uganda na kwetu. Kwa Dar es Salaam aliyejipatia sifa kubwa ni Derek Mukandala, ambaye mashabiki wanamjua zaidi kwa jina la Lufufu. Wafasiri hawa hawatafsiri neno kwa neno. Huongeza, hupunguza, hukosoa, huwaonya wahusika, na pale mzungu anapochelewa kukimbia humwita mjinga bila ya kificho.

Filamu ya usiku ule ilikuwa Dracula, ile iliyotengenezwa na Francis Ford Coppola wa Marekani na kutolewa mwaka 1992. Asili yake ni riwaya ya Bram Stoker, Mwairishi aliyekuwa meneja wa jumba la michezo ya kuigiza la Lyceum jijini London, naye aliichapisha mwaka 1897. Wapo waliomtoa Dracula katika sinema kabla ya Coppola. Mjerumani Murnau alifanya hivyo mwaka 1922 kwa kubadilisha majina ya wahusika, asiombe ruhusa ya mtu. Mjane wa Stoker akaenda mahakamani, na mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Bahati njema hazikuharibiwa zote. Akaja Bela Lugosi mwaka 1931, na Christopher Lee mwaka 1958, ambaye vijana wa zamani wa majumba ya sinema yetu watamkumbuka kwa urefu wake na macho yake mekundu.

Kisa chenyewe, kama alivyokisimulia Coppola, ni hiki. Mnamo mwaka 1462 mtawala mmoja wa kikristo alikwenda vitani kupigana na Waturuki. Alishinda, lakini aliporudi alimkuta mkewe amejitupa mtoni, kwa kuwa aliletewa habari ya uongo kwamba mumewe ameuawa. Mapadri wakasema mwanamke aliyejiua hana nafasi peponi. Kwa uchungu yule mtawala akauchoma msalaba kwa upanga, damu ikabubujika, naye akainywa na kuapa kumwasi Mungu aliyempigania. Tangu siku hiyo hafi, na ili aendelee kuishi hana budi kunywa damu za watu. Miaka zaidi ya mia nne ikapita. Kijana karani wa sheria anatumwa kutoka London hadi kwenye ngome yake milimani ili amuuzie nyumba, na mzee yule anapoiona picha ya mchumba wa kijana, anaona sura ya mkewe aliyekufa. Anafunga safari kwa jahazi, amelala ndani ya sanduku la udongo wa kwao, kumfuata.

Mfasiri wetu hakupata taabu hata kidogo. Alisema, "Huyu mzee mnayemwona ni mumiani. Ametoka mbali. Hana kivuli kinachomtii." Watu wote wakaelewa.

Na kwa kweli kivuli hakimtii. Katika ngome yake mzee yule huketi ametulia huku kivuli chake ukutani kikinyoosha mikono kumkaba mgeni. Jambo hilo si la kompyuta, msomaji. Coppola alipokusudia kuitengeneza filamu hii, mafundi wake walimshauri atumie mitambo mipya, naye akawaondoa kazini, akamkabidhi kazi hiyo mwanawe Roman, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa sharti moja: kila mwujiza ufanywe kwa hila zile zile zilizokuwapo wakati sinema ilipozaliwa. Kwa hiyo walitumia vioo, walitumia vijumba vidogo vya mfano, walipiga picha mbili juu ya ukanda mmoja wa filamu, na mara nyingine walipiga mwendo kinyumenyume ili mtu aonekane akienda kama mdudu. Kwa mandhari moja ya mitaa ya London walichukua kamera ya kale aina ya Pathé inayozungushwa kwa mkono, na ndiyo maana watu katika sehemu hiyo wanatembea kwa mishtuko kama katika picha za babu zetu. Filamu karibu yote ilipigwa ndani ya studio. Hakuna mlima wa kweli wala msitu wa kweli.

Mavazi nayo yanastahili kutajwa. Aliyeyabuni ni mwanamke wa Kijapani, Eiko Ishioka, naye alituzwa Oscar kwa kazi hiyo mwaka 1993, pamoja na wenzake waliotuzwa kwa urembaji wa sura na kwa ufundi wa sauti. Deraya ya vita ya Dracula ni nyekundu, imechongwa kama misuli ya mtu aliyechunwa ngozi. Joho lake la nyumbani, jekundu pia, humburura nyuma mita kadhaa, likishuka ngazi baada ya yeye mwenyewe kwisha kushuka. Bibi arusi aliyekwisha kufa amevishwa kola nyeupe iliyochanua shingoni mithili ya mjusi aliyekasirika. Yaelekea Coppola aliamini kuwa nguo zenyewe ndizo jukwaa, na kuta zinaweza kubaki gizani. Kwangu mimi, hadithi ya mapenzi aliyoiongeza, ambayo haimo katika riwaya ya Stoker, inamlegeza yule mumiani na kumfanya aombe huruma kupita kiasi. Lakini macho hayachoki.

Sasa nisikilize vizuri. Ndani ya filamu hiyo mna mahali ambapo Dracula, akiwa amejigeuza kijana mtanashati, anamchukua yule binti katika maonyesho ya sinema jijini London. Ni mwaka 1897, na sinema yenyewe ina umri wa miaka miwili tu. Watu wanaduwaa kuona picha zikitembea ukutani. Nilipoiona sehemu hiyo pale Newala nilikumbuka jambo ambalo huenda hata wenyeji wengi wa banda lile hawakuwa wakilijua: kwamba miaka tisa tu baada ya mwaka huo, kamera ya sinema ilifika katika uwanda huu huu.

Aliyeileta ni Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila wa makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1906 alitumwa na serikali yake kuchunguza mila za watu wa koloni. Alikusudia kwenda Kondoa Irangi, lakini huko kulikuwa na machafuko, akageuziwa njia kuja kusini. Na kusini kwenyewe kulikuwa hakujapoa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia, misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto, na watu walikuwa wakitazama kila msafara wa mzungu kwa jicho la tahadhari. Weule alitembea na wapagazi kutoka Lindi hadi Masasi, kisha akapanda Newala na kuendelea Mahuta. Wapagazi walibeba kamera ya sinema, mashine ya kunasa sauti kwa mitungi ya nta, na masanduku mengi matupu yatakayorudi yamejaa. Alipiga picha ngoma za uwanda huu. Vinyago alivikusanya, akavipeleka Leipzig.

Basi wakati Ulaya bado inajifunza kutishana kwa sinema, Wamakonde tayari walikuwa na mchezo wao wa kutishana uliokomaa. Kwa upande huu wa Ruvuma mchezo huo huitwa midimu; kwa upande wa Msumbiji huitwa mapiko. Huchezwa hasa vijana wanapotoka jandoni. Mchezaji hufunikwa mwili mzima hata asionekane ngozi, na kinyago huchongwa kwa mti mwepesi ili aweze kucheza nacho. Vinyago vya mapiko vinavyovaliwa kichwani kama kofia aghalabu hubandikwa nywele za kweli za binadamu kwa nta ya nyuki. Vipo pia vinyago vya mwili, vinavyoonyesha tumbo la mwanamke mjamzito, navyo huvaliwa na mwanamume. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba yule si mtu, ni mzimu uliofufuka. Siri kubwa ambayo mtoto wa kiume alifunuliwa jandoni ilikuwa kwamba ndani ya mzimu mna mtu wa kijijini kwao. Kwa hiyo ilimpasa kwanza auogope, kisha aushike kwa mikono yake, na mwisho aubebe yeye mwenyewe kichwani.

Nilimwuliza yule bibi wa korosho juu ya habari hiyo nilipotoka nje kupunga upepo. Alicheka hata akashika kifua.

"Mwanangu," alisema, "sisi tulikuwa tukikimbia kwa adabu tu. Mtu utashindwaje kuijua miguu ya mume wako?"

Sanaa hiyo ya kutisha haikuishia ngomani. Wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam waliichukua, wakaitia katika mpingo. Masimulizi hueleza kuwa mnamo mwisho wa miaka ya 1950 mchongaji aitwaye Samaki Likankoa alivunjikiwa na sanamu aliyokuwa akiichonga. Badala ya kuitupa aliendelea kuichonga vile vile ilivyo, ikawa kiumbe cha ajabu kilichopotoka viungo. Mfanyabiashara Mohamed Peera akaipenda, na mtindo wa mashetani ukazaliwa. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliyatoa mashetani hayo katika mti na kuyapaka rangi kali, yakacheza na kucheka na kuvuta masikio katika kuta za nyumba za sanaa za Ulaya na Japani. Katika filamu zetu za video, Mussa Banzi alitutolea Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000. Hatukuazima hofu kwa mtu.

Turudi bandani, maana ndiko lilikotokea jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Vijana wale hawakumwogopa Dracula hata mara moja. Alipotambaa ukutani kichwa chini miguu juu walishangilia. Alipogeuka mbwa mwitu walimpigia miluzi. Alipomnyonya damu yule binti Lucy, mmoja alipaza sauti kumwuliza kama ameshiba. Lakini baadaye akaja mzee daktari, Van Helsing, aliyeigizwa na Anthony Hopkins. Akamkuta Lucy amelala mweupe kama karatasi, damu imemwisha. Akaagiza kijana mchumba wake akunje mkono wa shati, akatoa sindano na mpira, akaanza kuitoa damu ya kijana na kuitia mwilini mwa binti. Banda zima likanyamaza. Kisha kutoka mabenchi ya nyuma sauti moja ikaita, si kwa mzaha:

"Mumiani!"

Na wengine wakaitikia. Hawakumwita Dracula. Walimwita daktari.

Mfasiri akasita, kipaza sauti mkononi. Nadhani hakuwa amejiandaa kwa hilo.

Msomaji, neno hili lina historia ndefu kuliko umri wa Dracula katika sinema. Kamusi za zamani zinaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi mfano wa lami, na kwamba watu waliamini hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa wakoloni jina la dawa likawa jina la mtu anayeitafuta. Nairobi na Kampala watu walimwita mzimamoto, kwa sababu magari ya zimamoto ni mekundu na ndani yake, walisema, mnafichwa ndoo za damu. Kwingine katika Tanganyika aliitwa chinjachinja. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, naye anatushauri tusiyacheke, kwa kuwa ndani yake watu wa enzi ile walikuwa wakieleza jinsi walivyoiona serikali ya kigeni iliyowachukulia nguvu zao, kodi zao na miili yao bila ya kuwaeleza sababu. Nakubaliana naye. Mtu anayechomwa sindano kwa amri, na asiambiwe damu yake inakwenda wapi, atajitungia jibu lake mwenyewe.

Lakini jibu hilo limewahi kuua. Mwaka 1959, pale Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia, na askari polisi mmoja akauawa na umati. Msomaji asidhani hayo ni ya zamani. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, ilivuma kuwa wanyonya damu wanaingia majumbani usiku. Umoja wa Mataifa uliwaondoa watumishi wake katika wilaya hizo, serikali ikaweka amri ya kutotembea usiku, na watu kadhaa wakauawa na makundi ya walinzi wa vijiji kwa kushukiwa tu. Hakuna aliyekutwa na tone la damu ya mwenzake. Walikuwa wapita njia na wageni, na wengine walikuwa wenyeji waliokuwa hawapendwi.

Wala si kuua kwa mawe pekee. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda wa kungoja. Anahitaji damu iliyokwisha kupimwa na kuwekwa, na damu hiyo haipatikani dukani wala haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu aliyekubali kukunja shati. Hapa ndipo Stoker anaponishangaza. Katika riwaya yake anayemnyonya Lucy damu ni mmoja, lakini wanaomtolea damu ni wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine. Wakati ule lilikuwa jambo la kubahatisha kabisa, maana mafungu ya damu hayakujulikana mpaka Karl Landsteiner alipoyagundua huko Vienna katika miaka ya 1900 na 1901, na mganga wa mwaka 1897 angeweza kumwua mgonjwa wake kwa wema. Leo kipimo hicho hufanywa kwa dakika chache. Lakini vijana wa bandani, ambao wengi wao wamepita shuleni, walipoona damu ikitembea ndani ya mpira walikumbuka uvumi kabla ya kukumbuka somo la biolojia.

Wazazi wengine watauliza: je, ni halali kuwaonyesha watoto picha kama hizi? Jibu langu ni fupi. Filamu hii si ya watoto. Ina damu nyingi na uchi, na hata kwao Marekani mtoto wa chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuingia bila mzazi. Sisi tunayo Bodi ya Filamu tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na mwenye banda anayewaachia watoto wa darasa la tatu kuchungulia matunduni anakosea, hata kama hawakulipa. Ila mzazi anayemkataza mtoto Dracula, kisha jioni hiyo hiyo akamtuliza kwa kumwambia kwamba asiponyamaza ataitiwa daktari aje na sindano, ajue ni yupi kati ya hao wawili aliyemtia mwanawe hofu itakayodumu.

Filamu ilipokwisha, mwenye banda alizima mashine na giza likashuka mara moja, kama linavyoshuka uwandani. Vijana walitoka wakisukumana. Wale wanaokaa mbali walijikusanya kundi na kuanza kuimba kwa nguvu kabla hata hawajafika barabarani, nasi tulijua sababu.

Yule bibi alikuwa akifunga korosho zake zilizobaki. Nikamweleza habari ya daktari na kelele za watu. Hakucheka safari hii. Alisema bintiye wa mwisho alijifungua kwa shida mwaka uliotangulia, katika hospitali ambayo sitaitaja, na damu ikawa haikatiki. Wajomba wawili walikuwapo. Mmoja alisema ana presha. Wa pili alisema wazi kwamba damu yake haiendi katika chupa ya mtu. Aliyetoa alikuwa kijana mgeni aliyekuja kumtazama mgonjwa wake wodi nyingine, hata kabila lake hawakuliuliza, akalala kitandani, akakunja ngumi na kuikunjua, akapewa soda, akaenda zake.

"Jina lake?" niliuliza.

"Hatukupata. Lakini mtoto tumempa jina la Mgeni."

Akaichukua koroboi, akanimulikia njia mpaka kwenye kona, kisha akarudi taratibu kuelekea kwake, na kivuli chake kikimfuata nyuma ukutani.